Tumeitoa maktaba moja kwenye ukurasa wetu wa mifereji. Hii njo sababu

Ndugu zetu vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na ninyi wote mnaotufuata mkiwa mbali na Bukavu,

Wengi wenu mlituuliza juu ya ule usiku wa mvua, ukurasa wetu wa mifereji ulipogeuka mweupe. Wengine walisema tumeufunga. Wengine walisema serikali imeuzima. Wengine walisema tumekula pesa ya intaneti. Hakuna kati ya hayo. Tuliwaahidi maelezo, haya hapa, pamoja na uamuzi ambao tumeuchukua.

Ule ukurasa mnaujua. Tuliutengeneza ili mtu yeyote mwenye simu aweze kuonyesha kwenye ramani mahali mfereji umeziba, mahali udongo umeanza kuteremka, mahali bomba la watu wote limekauka. Hapa kwetu Nyalukemba, kuanzia Nguba mpaka Muhumba, na kule kwenye milima ya Kadutu, mvua haina mchezo. Nyumba moja imekaa juu ya kichwa cha nyingine. Mfereji ukiziba kwa juu, ni mtu wa chini njo anaamka na matope ndani ya chumba. Ramani ile ilikuwa inatusaidia kujua siku ya posho, saa ya salongo, tupeleke wapi majembe na mabeleshi. Na usiku wa mvua ilikuwa inasaidia majirani kuambiana: maji yanateremkia upande huu, toeni watoto.

Usiku ule mvua ilianza saa mbili. Saa tatu na nusu mama mmoja alinipigia simu. «Mwanangu, nafungua ile kitu yenu, naona karatasi nyeupe tu. Sasa maji yanatoka wapi?» Nikamwambia: «Mama, subiri kidogo, fungua tena.» Akafungua tena. Nyeupe. Mimi nilikuwa nyumbani, umeme umekatika, mashini iko na dakika chache za betri. Nikafungua ukurasa kwenye mashini yangu: unafunguka vizuri kabisa, na ramani, na ujumbe wa watu. Nikamjibu kwamba tatizo ni simu yake.

Halikuwa tatizo la simu yake. Maji yaliingia kwake, na ukuta wa jiko ulianguka. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini jirani zake watatu walikuwa wametuma ujumbe mapema kwamba mfereji wa juu umefurika. Ujumbe ulifika. Ulikuwa umekaa ndani ya seva yetu, salama, na hakuna mtu aliyeweza kuusoma.

Kosa lilikuwa wapi

Ukurasa wetu ulikuwa unatumia maktaba ya tarehe. Maktaba, kwa wale ambao hawakusoma informatiki, ni msimbo ulioandikwa na mtu mwingine ambao unauchukua tayari ili usiuandike wewe. Ile ya kwetu kazi yake ilikuwa moja: kuchukua saa ambayo ujumbe umetumwa na kuiandika kwa maneno ya mtu, kwa mfano «Jumatatu, saa fulani». Basi. Ramani haikutoka kwake, ujumbe haukutoka kwake. Ilikuwa inaandika tarehe.

Lakini hatukuwa tumeiweka kwetu. Kila mtu alipofungua ukurasa, simu yake ilienda kwanza kuiomba kwenye anwani ya nje, mbali na Kongo, kwa watu ambao hatuwajui na ambao hawatujui. Siku ile anwani iliacha kujibu. Kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti kwenye simu, kikikuta mstari kama huo juu kabisa ya ukurasa, kinasimama. Hakichori kitu chochote mpaka kipate jibu au kichoke kusubiri. Kikishachoka, kinaendelea, kinafika mahali tunaposema «andika tarehe», hakimpati mwenye kuiandika, na kazi yote iliyobaki inakufa hapo hapo. Karatasi nyeupe.

Na kwa nini kwangu ulifunguka? Kwa sababu mashini yangu ilikuwa imehifadhi nakala ya zamani ya ile maktaba. Mimi niliyetengeneza ukurasa nilikuwa mtu wa mwisho kuona kosa lake.

Mimi ninayeandika njo niliweka ule mstari. Niko na licence ya informatiki ya jestio, na miaka miwili natembeza CV mjini bila jibu. Ule mstari niliunakili kwenye somo moja la intaneti, kama tulivyozoea kufanya tangu auditoire: unaona kitu kinafanya kazi, unakibandika, unaenda mbele. Hakuna aliyewahi kuniuliza: hiki kikikosekana, nini kitatokea? Nami sikujiuliza. Kwa hiyo hatumlaumu mwenye anwani ile. Hakutuahidi kitu. Sisi njo tulijenga mlango wa nyumba yetu kwenye kiwanja cha mtu mwingine.

Hatukuwa wa kwanza

Tarehe 22 Machi 2016, mwandishi mmoja wa programu anayeitwa Azer Koçulu aligombana na kampuni juu ya jina la kazi yake moja. Akakasirika, akaondoa kazi zake zote kwenye npm, ile ghala kubwa ambamo waandishi wa JavaScript duniani wanachukua vifurushi. Kati yake kulikuwa na kimoja kinachoitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11. Kazi yake: kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno. Kwa masaa kama mawili, miradi mingi, pamoja na ya makampuni makubwa, ilishindwa kujengeka, mpaka npm yenyewe ikairudisha ile mistari. Mistari 11 ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiandika kabla chai haijapoa.

Kingine ni cha mwaka 2024. Tovuti nyingi zilikuwa zinachukua msimbo kutoka polyfill.io, uliokuwa unasaidia vivinjari vya zamani kufanya mambo ya kisasa. Mwezi wa pili, jina lile la tovuti lilinunuliwa na kampuni nyingine. Andrew Betts, aliyeanzisha mradi wenyewe, aliwaambia watu mara moja: itoeni, hamuihitaji tena. Wengi hawakusikia. Mwezi wa sita wachunguzi wa usalama walitangaza kwamba msimbo unaotoka pale umeanza kuwapeleka wasomaji wa simu kwenye tovuti za udanganyifu. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa bado zinaichukua. Wenye tovuti hizo hawakuwa wamebadilisha hata herufi moja. Mlango ulikuwa wao, ufunguo ulikuwa umeuzwa.

Hapo muone tofauti. Sisi tulipata karatasi nyeupe. Angalia kama anwani yetu ya tarehe, badala ya kunyamaza, ingepata mwenyeji mpya mwenye nia mbaya. Angeweza kusoma kila ujumbe ambao mtu anauandika kwenye ukurasa wetu, na mahali alipo. Kwa mji kama wetu, hiyo si hasara ya tarehe tu.

Wale wa Nairobi walivyofanya

Kuna mfano wa karibu zaidi, na uko na jina la Kiswahili. Ushahidi ilizaliwa Kenya mwezi wa kwanza 2008, katika fujo iliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ory Okolloh aliomba kwenye blogu yake wajuzi watengeneze ramani ya kuonyesha mahali watu wanapigwa. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitengeneza ndani ya siku chache. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule programu hiyo ilitumika pia kwetu Kongo, wakati wa vita vya Kivu ya Kaskazini. Ukurasa wetu wa mifereji ni mjukuu wa wazo lile, tusifiche.

Ushahidi ilijengwa juu ya Kohana. Kohana haikuwa kitu kidogo cha kuandika tarehe. Ilikuwa kiunzi, yaani mbao zinazoshikilia nyumba nzima. Kisha waliokuwa wanaichunga Kohana walipungua, na Julai 2017 ikafungwa rasmi. Jiulize: mbao za nyumba yako zinaanza kuoza, na ndani kuna watu wamelala. Huwezi kubomoa. Huwezi kukaa.

Walichofanya kinafaa kusomwa na kila mmoja wetu aliyepitia informatiki. Tayari katika toleo la tatu walikuwa wametenga mambo mawili. Upande mmoja waliweka moyo wa programu: ujumbe ni nini, nani anaweza kuusoma, nani anaweza kuuhakikisha. Sehemu hiyo waliiandika bila kuifungia Kohana. Upande mwingine waliweka yale yanayoongea na kiunzi. Ulipofika wakati wa kutoka, walihamia kiunzi kingine kinachoitwa Lumen, na ule moyo ukahama pamoja nao. Sisemi ilikuwa kazi nyepesi. Nasema iliwezekana kwa sababu walikuwa wanajua kipi ni chao na kipi ni cha kuazima.

Tulivyoitoa yetu

Vijana wengi mmetuomba tuandike hatua, si maneno ya jumla. Hizi hapa, kwa mpangilio tulioufuata.

1. Tuliandika orodha ya kila kitu ambacho ukurasa unaomba nje. Tulidhani ni vitu vinne. Vilikuwa kumi na moja. Viwili havikuwa vinatumika kabisa; hivyo tulivitoa siku ile ile.

2. Mbele ya kila kimoja tuliandika: kinafanya nini, kikikosekana nini kinakufa, na je, tunaweza kukifanya wenyewe.

3. Kwa maktaba ya tarehe, tulitafuta ndani ya msimbo wote mahali inapoitwa. Usitoe kitu kabla ya kujua kinashikilia nini.

4. Tulitengeneza mlango mmoja. Yaani kazi yetu ndogo, tukaiita andikaTarehe, na mahali pote palipokuwa panaita maktaba pakaanza kuita huo mlango. Nyuma ya mlango maktaba ilikuwa bado iko. Siku hiyo hakuna kilichobadilika kwa msomaji, na hiyo njo ilikuwa nia.

5. Halafu tulibadilisha kilichoko nyuma ya mlango, bila kugusa mahali pengine popote.

6. Tuliziacha mbili, ya zamani na mpya, zifanye kazi pamoja kwenye mashini yetu, na kulinganisha majibu kwenye ujumbe wote wa zamani.

7. Tulizima intaneti na kufungua. Tulifungua kwenye simu ya zamani iliyopasuka kioo, siyo kwenye mashini yangu peke yake.

8. Mwisho tulifuta: mstari wenyewe, jina lake kwenye orodha, na tukaandika sababu na tarehe, ili atakayekuja nyuma asiirudishe bila kujua.

Hatua ya sita njo ilituokoa. Nilikuwa nimejivuna kwamba kuandika tarehe ni kazi ya nusu saa. Tulipolinganisha, tukakuta ujumbe uliotumwa usiku kati ya saa sita na saa nane unaonyesha siku ya jana. Kwa nini? Seva inaandika saa ya dunia, ile ya UTC. Bukavu iko mbele yake masaa mawili. Kinshasa iko mbele saa moja tu, maana nchi yetu iko na saa mbili. Maktaba ile, ambayo mimi nilikuwa naiita mzigo, ilikuwa inageuza hiyo saa kimya kimya kila siku. Mimi nilipoitoa nilitoa na ujuzi wake. Sasa tunakitajia kivinjari ukanda wa Africa/Lubumbashi, ambao njo unashika mashariki yote ya nchi, na ndugu aliye Kinshasa akifungua anaona saa ya Bukavu, saa ambayo mvua ilinyesha.

Ninaandika hili ili mtu asitoke hapa akidhani kutoa ni ushujaa tu. Kitu ambacho watu wamekitengeneza kwa miaka kinabeba makosa ambayo wao walishayafanya kwa niaba yako. Ukikitoa, uwe tayari kuyafanya upya, na afadhali uyafanye mezani kuliko usiku wa mvua.

Kuhusu maneno yenyewe, tuligundua kitu cha kuchekesha. Vivinjari vya leo vinajua kuandika tarehe vyenyewe, na Kiswahili kimo, hata Kiswahili cha Kongo kiko na alama yake, sw-CD. Maktaba ilikuwa imekuja kutusaidia kazi ambayo simu ya mama yule tayari inaijua. Lakini majina ya siku tuliamua kuyaandika wenyewe. Ni maneno saba. Kwetu mtu anasema siku ya kwanza, siku ya pili, mpaka siku ya posho na siku ya Mungu. Ule ukurasa ulikuwa unamwambia «Jumatano» na wazee wanahesabu kwa vidole. Msimbo wote mpya hauzidi mistari thelathini. Ukurasa sasa unakula mega kidogo kuliko zamani, na tunajua nani kati yenu ananunua mega za siku moja moja.

Tulivyoviacha

Hatukutoa vyote. Hatuwezi, na wala si lengo.

Ramani inachorwa na Leaflet, maktaba iliyoanzishwa na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine mwaka 2011. Ni nzuri, ni ndogo, na kuiandika upya kungekuwa upumbavu. Hiyo tuliileta nyumbani: nakala yake iko kwenye seva yetu, toleo moja tunalolijua, na jina la mwenyewe limebaki juu yake kama leseni inavyodai. Gharama yake ni kwamba sasa sisi njo tunapaswa kufuatilia matengenezo yake. Ukileta mbuzi nyumbani, majani unatafuta wewe.

Picha za ramani zinatoka OpenStreetMap. Hizo zimebaki nje, maana dunia nzima hatuwezi kuiweka kwenye seva yetu ndogo. Lakini tumepanga ukurasa upya: kwanza inatokea orodha ya ujumbe kwa maandishi, mtaa kwa mtaa, ramani inakuja baadaye, ikipenda. Ikikosekana, mama bado anasoma kwamba mfereji wa juu umefurika.

Na mambo ya kufunga siri za mawasiliano, yale yanayolinda ujumbe usisomwe njiani, hatuyagusi kamwe. Ndugu, msijaribu kuandika yenu. Hiyo si kazi ya usiku mmoja wala ya kikundi kimoja.

Tena tusijidanganye kwamba kuleta nyumbani kunamaliza hatari. Mwezi wa tatu mwaka 2024, Andres Freund, mtaalamu mmoja, aliona kuingia kwenye seva zake kumechelewa kama nusu sekunde. Alipochimba, akakuta mlango wa siri ndani ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili iliyoko kwenye Linux nyingi. Aliyeuweka alikuwa amejifanya msaidizi mwema zaidi ya miaka miwili, pembeni ya mtu aliyekuwa anaibeba kazi ile karibu peke yake, bila mshahara, amechoka. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria yule aliyechoka. Vitu tunavyovitegemea viko na watu nyuma yake. Kuondoa tegemeo ni njia moja. Njia nyingine ni kwenda kumsaidia anayelibeba: kuripoti kosa, kutafsiri, kujaribu toleo jipya. Vijana wa Kongo wenye licence na wasio na kazi ni wengi. Hiyo ni kazi, hata kama hailipi.

Maswali mliyotuuliza

Katika kikao, kamarade mmoja alisimama akasema: «Watu wanatafuta maji, barabara zimekufa, na sisi tunapoteza jioni mbili juu ya maktaba ya tarehe?» Ni swali la haki. Jibu letu ni lile jiko lililoanguka. Tuliwaambia watu wa mtaa: msipige kelele mlimani, andikeni hapa, jirani ataona. Waliandika. Tuliwafanya waache njia yao na kufuata yetu, halafu yetu ikakatika kwa sababu ya kitu ambacho hata hatukukihitaji. Ukiwaomba watu wakuamini usiku, unawiwa kujua kila mstari unaowafikisha kwako.

Mwingine aliuliza kwa nini tusikubali ndugu wa Ulaya aliyejitolea kutupa jukwaa lililo tayari, bure, lenye kila kitu. Hatukukataa kwa kiburi. Tulimuuliza maswali mawili: siku ukifunga, tunaondoka na ujumbe wetu wote kwa namna gani? Na bila intaneti, kinabaki nini? Tukipata majibu tutakaa kuzungumza.

Swali la pili si la utani. Mnakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini kwa karibu siku ishirini. Hapa Nyalukemba wengine tuliteremka upande wa Ruzizi kutafuta mtandao wa ngambo. Ukurasa unaoomba vitu kumi na moja nje haufunguki siku kama hizo. Ukurasa mdogo uliokamilika ndani yake unaweza kukaa kwenye simu, na simu moja inaweza kuupitisha kwa nyingine kwa Bluetooth, bila ruhusa ya mtu.

Wazee wanasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wazee hao hao wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Vijana wanapenda kuchagua moja na kuitupa nyingine. Katika kazi hii tumejifunza kuzishika zote mbili: tunachukua kwa ndugu, tunamshukuru, tunamsaidia, lakini tunajua siku asipokuwepo tutakula nini.

Tumeamua hivi

Kuanzia sasa, hakuna kitu kitakachowekwa kwenye kurasa zetu kikiombwa moja kwa moja nje bila watu wawili kukisoma na kuandika sababu yake. Kila mwezi, siku ya posho ya kwanza, tutazima intaneti na kufungua kila ukurasa kwenye simu ya bei ndogo kabisa tutakayoipata. Orodha ya mategemeo yaliyobaki, nane leo, itakaa wazi mtu yeyote aisome na atukosoe.

Msimbo wa andikaTarehe ni wenu. Wa Uvira, Goma, Bunia, chukueni, badilisheni majina ya siku yafanane na ya kwenu. Mkikuta kosa, tuambieni kabla ya mvua.

Na siku ya posho inayokuja, baada ya salongo, wale mliosoma informatiki na mmekaa nyumbani kama mimi, njooni na mashini zenu. Hatuna cha kuwalipa, chai iko. Tutaanza na kile cha tatu kwenye orodha, maandishi ya kupendeza tunayoyaomba nje kila mara ukurasa unapofunguka. Herufi za kawaida za simu zinatosha kuandika «toeni watoto».

Yule mama nilienda kumuona. Nilimwambia kwamba simu yake haikuwa na shida, shida ilikuwa yangu. Alinisikiliza, akanionyesha mahali ukuta ulikuwa, akasema: «Sasa mtajenga na nini?» Hatukujua kama anauliza juu ya ukurasa au juu ya jiko. Tulianza na jiko.

Imeandikwa Nyalukemba, Bukavu, kwa niaba ya seli ya mawasiliano.